Nchi za Jirani: Neno Lisipotee Njiani

Kati ya "atavuka" na "hatavuka" ipo herufi moja tu, nayo hutamkwa kwa pumzi hafifu. Pumzi hiyo ikipotea njiani, taarifa iliyosema kwamba adui hatavuka mpaka humfikia msikilizaji ikisema kwamba atavuka. Kwa msikilizaji aliye nyumbani hilo ni kosa la kusikia; kwa askari aliye lindoni ni jambo la hatari.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu redio za nchi za jirani zianze kusikika kwa njia ya intaneti. Nchini Kongo, Radio Okapi ilianzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi. Ilitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za nchi hiyo, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania walipelekwa mashariki mwa Kongo katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa. Kwa askari aliye katika kazi kama hiyo, habari za Kiswahili kutoka upande wa pili wa mpaka si burudani tu.

Yafaa basi ieleweke jinsi neno linavyopotea. Sauti ya kiwango cha sahani ya CD huhitaji biti 1,411,200 kwa kila sekunde. Mtandao dhaifu wa simu hauwezi kubeba mzigo huo. Kwa sababu hiyo programu ya kompyuta huubana hadi biti 64,000 au pungufu, kwa kutupa yale ambayo sikio haliyatambui sana. Ikibana kupita kiasi, hufifisha hata konsonanti, nazo ndizo zibebazo maana.

Hata hivyo, programu hizo hizo zaweza kuleta nafuu. Zipo ziondoazo mvumo wa umeme unaoingia katika vipaza sauti. Zipo zisawazishazo sauti, ili mtangazaji mpole asizidiwe na muziki. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya uliweka kanuni ya kazi hiyo mwaka 2010. Na upo mfumo wa kubana sauti uitwao Opus, uliopitishwa kimataifa mwaka 2012, ambao huhifadhi vyema maneno ya mtu hata kwa biti 24,000.

Lakini programu ina mipaka yake. Sauti iliyokwisha kubanwa, ikibanwa mara ya pili, huharibika zaidi. Chombo cha kufuta kelele, kikizidishwa nguvu, hufuta pia ile pumzi ya "hatavuka". Na neno lisilonaswa vyema studio halirudishwi na mtambo wowote. Mlinzi wa kwanza wa neno ni yule aketiye mbele ya kipaza sauti.

Mlinzi wa mwisho ni msikilizaji mwenyewe. Askari hurudia amri aliyoipokea kabla ya kuitekeleza. Vivyo hivyo, habari isiyosikika sawasawa isipelekwe mbele mpaka ihakikishwe.