Kukanda, kuchua, kusinga: Kiswahili cha masaji ya Kithai

MAJUZI nikiwa mjini Isiolo, kijana niliyewahi kumfundisha fasihi chuoni aliniletea daftari. Anajifunza misingi ya masaji ya Kithai, akitarajia kuajiriwa katika hoteli za watalii kule Samburu na Shaba. Maelezo yote aliyopewa ni ya Kiingereza. “Profesa,” akaniuliza, “nikipata wateja wa hapa mjini, Mborana, Msomali, Mturkana na Mmeru kwa siku moja, nitawaelezaje kama si kwa Kiswahili? Na hii kazi niiite nini nyumbani nisieleweke vibaya?”

Swali la pili lina uzito wake. Neno masaji limechafuka kidogo mijini, na sote twajua kwa nini. Lakini Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Tatizo ni kwamba kila neno lina kazi yake tayari.

Chukua kukanda. Tunakanda unga, na mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Mteja akiambiwa atakandwa, huenda akatarajia beseni na kitambaa. Kuchua nako ni kusugua kiungo kilichoteguka au msuli uliokaza, aghalabu kwa mafuta au dawa. Kusinga ni kwa watu wa pwani: bi harusi husingwa kwa liwa na manukato mpaka ngozi inukie. Kupapasa tukuache palepale, kwa maana hakuna mteja atakayelipa kupapaswa bila maswali kuzuka.

Masaji ya Kithai, inayoitwa nuad Thai, haihitaji mafuta, wala mteja havui nguo. Huvaa nguo pana na kulala kwenye godoro jembamba sakafuni. Kwa kawaida kazi huanzia nyayoni, ikapanda miguuni, ndipo ikafika mikononi, mgongoni na kichwani. Viungo hukunjwa na kunyooshwa, hata mtu akajiona kama anafanyishwa yoga na mwenzake. Katika hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, maarifa haya yalichongwa kwenye mawe zama za Mfalme Rama wa Tatu, miaka ya 1830. Shule ya hapo ilianzishwa 1955, na mwaka 2019 UNESCO ikaitia nuad Thai katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Kwa hiyo naafiki kukanda, mradi tuseme “kukanda kwa Kithai” na kumfafanulia mteja mapema kwamba maji ya moto hayamo. Mtendaji wake ni mkandaji. Nyanya yake kijana huyo hatakuwa na neno la kulalamikia.

Daftarini mwake alikuwa ametafsiri agizo moja kuwa “bonyeza kwa nguvu.” Hapo nilimsimamisha. Kubonyeza ni kazi ya kidole, kama kubonyeza simu. Mkandaji wa Kithai hunyoosha mikono, akaweka kiganja au kidole gumba mahali pake, kisha akauachia mwili wake uelemee mbele polepole. Kinachofanya kazi ni uzito, wala si misuli ya mkono. Kitenzi chake, kwa maoni yangu, ni kuegemea. Anayebonyeza kwa nguvu kutwa nzima atamuumiza mteja, na gumba zake mwenyewe zitamlipisha.

Kisha kuna neno mshipa, ambalo ndilo lililonitia wasiwasi hasa. Wathai husema wanafuata sen, njia za mwilini ambazo mapokeo yao huamini kuwa nguvu ya uhai hupitia humo. Ajabu ni kwamba sen kwa Kithai huweza kuwa mstari, kano, neva au hata mshipa wa damu. Mshipa wetu ni mpana vivyo hivyo: wa damu, wa fahamu, na hata ngiri huitwa mshipa! Kijana alikuwa ameandika: “Fuata mshipa wa paja.” Upi? Kwenye kinena hupita ateri kubwa inayodunda chini ya kidole, na mwanagenzi hana ruhusa ya kuiegemea. Ndivyo ilivyo pia mbele ya shingo na nyuma ya goti. Mgongoni, mkono hukaa kando ya uti, kwenye minofu, kamwe si juu ya pingili zenyewe.

Nilimshauri sen aiite “njia,” na neno mshipa alitumie kwa damu tu. Kinachounganisha msuli na mfupa ni kano; kinachopeleka hisia ni neva. Maneno haya yamo katika vitabu vya shule, sema tunayasahau tukishatoka mtihanini.

Akageuza ukurasa, akaandika maswali ya kumuuliza mteja kabla hajalala godoroni: Una mimba? Una homa, presha, au mfupa uliovunjika? Umewahi kuambiwa damu yako imeganda mguuni? Akijibu ndiyo kwa lolote, aende kwanza kwa daktari. La mwisho aliliandika kwa Kiswahili chepesi, nami sikulisahihisha, kwa kuwa mteja wa Isiolo atalielewa: “Ikiuma, sema.”