Mafuta Yanapotelea Kwenye Breki

Lita ya petroli inayonunuliwa Rwamishenye, mjini Bukoba, imetoka mbali. Meli imeishusha Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, kisha lori la tangi likaibeba kwa zaidi ya kilomita elfu moja hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Gharama ya safari hiyo imo ndani ya bei. Kwa hiyo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, inapotangaza bei kikomo, dereva wa Kagera haulizi kama atalipa zaidi ya mwenzake wa Dar es Salaam. Anauliza ni zaidi kwa kiasi gani. Mwaka 2022, mafuta yalipopaa duniani kufuatia vita vya Ukraine, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na bado kelele za sheli hazikuisha.

La ajabu ni kwamba dereva yuleyule aliyelalamika akilipa huondoka hapo kwa kukanyaga mafuta mpaka mwisho, na hatua chache mbele anakanyaga breki.

Kutoka Bukoba hadi Muleba ni kama kilomita 70, kupitia Kemondo na Muhutwe. Si safari ndefu, lakini nchi hii ni ya migongo ya vilima iliyolala sambamba na ziwa, na barabara inapanda, inateremka na kupinda kona juu ya kona. Chukua Hiace iliyojaa abiria, magunia na mikungu ya ndizi, yenye uzito wa tani tatu hivi. Kwa hesabu za fizikia ya sekondari, kuipandisha mita 300 kwenda juu kunakula takriban lita moja ya petroli, maana injini nzuri inafanikiwa kugeuza robo tu, au zaidi kidogo, ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Nyingine yote inapotea kama joto.

Lita hiyo haiepukiki. Mlima ni mlima. Swali ni dereva anaifanyia nini akishafika juu. Gari lililo kileleni lina akiba ya mwendo iliyokwisha kulipiwa. Anayeendelea kukanyaga mafuta kwenye mteremko, halafu akaja kubana breki kwenye kona ya chini, amelipa mara mbili: mafuta ya kuongeza kasi, na breki za kuiondoa kasi hiyohiyo. Kila breki ya ghafla ni mafuta yaliyogeuzwa joto kwenye pedi na ngoma za magurudumu. Ile harufu ya kuungua inayoingia dirishani chini ya mteremko mrefu ni fedha ya mtu.

Kwa sababu hiyo, kubana matumizi huanza na macho, mguu unafuata. Dereva anayetazama mbali huyaona matuta ya kijiji kabla hajayafikia. Anaachia mafuta mapema, gari linapungua lenyewe likiwa ndani ya gia, na anavuka tuta bila kusimama kabisa. Mwenzake anakimbia hadi kwenye tuta, anafunga breki, abiria wanainama wote kwa pamoja kama waumini, kisha anaanza upya na gia namba moja. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa pupa, yaani kuondoka kwa nguvu, kukimbia na kufunga breki, hupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye msongamano wa kusimama na kuondoka. Kwa mwenye Hiace anayekwenda na kurudi Muleba mara kadhaa kwa siku, hata ile asilimia 10 ya chini ni fedha ya kula nyumbani.

Hapa kuna uzushi mmoja unaostahili kuzikwa. Madereva wengi wa vilimani huamini kwamba kuteremka kwa nyutro kunaokoa mafuta. Kwenye magari ya zamani ya kabureta hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Kwenye magari ya sasa yanayopuliza mafuta kwa umeme, Noah na Probox zikiwemo, mambo yamegeuka: gari likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya pedali, kompyuta hukata mafuta kabisa, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa hiyo nyutro inakula zaidi, halafu inakunyang'anya nguvu ya injini ya kulishika gari. Breki zinabaki peke yake, zinapata moto, zinalegea. Mwenye gari la otomatiki naye asidhani alama za 2 na L pale kwenye gia ni mapambo. Zimewekwa kwa ajili ya miteremko kama hii.

Kuzima injini kabisa ni hatari zaidi. Usukani unakuwa mzito, na baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu kinachoisaidia ni injini inayofanya kazi. Bodaboda ndiye mwenye mchezo huu: anafika juu ya kilima, anazima pikipiki, anaserereka na abiria wake kimya kimya hadi bondeni. Anaokoa matone. Lakini mtembea kwa miguu aliyezoea kusikia mlio wa pikipiki hasikii kitu, na katika baadhi ya pikipiki taa ya mbele nayo hufa pamoja na injini. Saa moja jioni, kwenye kona yenye migomba pande zote mbili, hiyo ni hesabu mbaya.

Mengine ni madogo, ila yanajumlishana. Upepo wa matairi ukipungua gari linakuwa zito, na tairi linakwisha kingo. Kuupima asubuhi matairi yakiwa baridi ni kazi ya dakika tano. Mzigo wa juu ya keria unagombana na upepo safari nzima, na keria tupu nayo inagombana nao. Injini inayonguruma bure stendi ikisubiri abiria wa mwisho hula kati ya lita moja na mbili kwa saa, kutegemea ukubwa wake.

Kasi ndiyo yenye mvuto mkubwa, na hapo hesabu inashangaza. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa, hewa inakuzuia kwa zaidi ya mara moja na nusu ya awali. Na faida? Kama barabara ya Muleba ingekuwa tambarare, tupu, bila kona wala kijiji, anayekwenda 100 angefika dakika kumi hivi kabla ya anayekwenda 80. Kwa hali yake halisi, yenye matuta, trafiki na tochi zao, na vijiji ambamo sheria inataka kilomita 50 kwa saa, dakika hizo zinayeyuka. Ndiyo sababu Hiace iliyokupita kwa vumbi na honi Muhutwe unaikuta imesimama mbele inapakia.

Lakini haitoshi mtu mmoja kuamua kwenda taratibu. Barabara ina wenyewe wengi. Yumo dereva wa IT, anayepeleka gari lililotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Uganda kupitia Mutukula. Gari si lake, barabara haijui vizuri, usingizi umemzidi, na anataka avuke mpaka apate chake. Yupo suka wa daladala anayefukuzia hesabu ya bosi na abiria wa mbele kwa wakati mmoja. Lipo pia lori la mizigo linalopanda taratibu na foleni ya wenye hasira nyuma yake.

Mwenye haraka akikukaba nyuma, akapiga taa na honi, kuna vishawishi viwili, na vyote vinagharimu. Cha kwanza ni kuongeza mwendo ili asikusumbue: sasa yeye ndiye anayeendesha gari lako, kwa mafuta yako. Cha pili ni kumkomoa kwa kukaa katikati ya barabara. Huyo atakupita tu, na atakupita mahali pabaya. Njia rahisi ni kubaki na mwendo wako, kusogea kushoto panapokuwa wazi, kuachia mafuta kidogo, na kumwacha aende. Umepoteza sekunde chache.

Madereva wa malori wana lugha yao ya indiketa katika jambo hili: ya kulia humwambia wa nyuma asubiri, mbele kuna gari; ya kushoto humwambia apite. Ni ustaarabu mzuri, ila hauna nafasi katika sheria, na indiketa ya kulia inaweza pia kumaanisha kwamba lori lenyewe linakata kona. Anayepita apige hesabu yake. Noah iliyo kwenye 80 ikilipita lori refu lililo kwenye 50, inahitaji sekunde saba hivi kutoka nyuma yake hadi kurudi kushoto kwa usalama. Katika sekunde hizo imekwenda mita 150 na ushee, na gari linalokuja kwa mwendo huohuo limekwenda vilevile. Panatakiwa basi zaidi ya mita 300 zinazoonekana wazi. Nani anaziona mita 300 kwenye kona za Muleba, tena mvua za Bukoba zikiwa zimeshuka?

Abiria nao hawakosi sauti. Nchini Kenya, watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zikiwahimiza abiria kumkemea dereva anayekwenda ovyo. Madai ya bima ya ajali katika magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili, ukilinganisha na yasiyo na stika. Jaribio kubwa lililofuata, lililojulikana kwa jina la Zusha, lilionyesha upungufu wa robo hadi theluthi. Hakikununuliwa kifaa chochote cha ghali. Karatasi, na mtu wa siti ya nyuma aliyeamua kusema, "Dereva, taratibu."

Bado mzigo wote hauwezi kutwikwa abiria na suka. Katika daladala nyingi mafuta hutoka kwenye makusanyo ya siku, hesabu ya mwenye gari haishuki hata siku ikiwa mbaya, na dereva hubaki na kinachosalia. Utaratibu huo unamfundisha kuwahi abiria kwanza, mafuta baadaye. Mwenye gari anaweza kuugeuza kwa daftari moja: tangi lijazwe, kilomita ziandikwe, lijazwe tena baada ya siku kadhaa, kilomita zigawanywe kwa lita. Namba hiyo itamwonyesha kama gari linaendeshwa au linapigwa. Basi wenye magari wa Bukoba na Muleba waanze na daftari hilo, na mwezi ambao lita zimepungua, dereva apunguziwe hesabu kidogo.