Sura ya Nne: Ganda Jeupe la Mwezi

Vumbi ambalo Apollo 11 ilirudi nalo mwaka 1969 lilikuwa jeusi, kwa sababu lilichotwa kwenye uwanda wa basalti, mwamba wa zaha iliyoganda. Lakini John Wood na wenzake walipolichambua, walikuta humo punje chache nyeupe zisizofanana na jirani zake. Zilikuwa anothosaiti, mwamba ambao karibu wote ni plajioklesi, yaani madini yenye kalisi, alumini na silika.

Zilifikaje pale? Wood alitoa hoja kwamba zilitoka kwenye nyanda za juu zinazong'aa, zikarushwa hadi uwandani na vishindo vya vimondo. Basi ikiwa milima hiyo yote ni plajioklesi, lazima kuwe na sababu moja kubwa. Maelezo yaliyotolewa mwaka 1970 ndiyo yanayoshika hadi leo: Mwezi mchanga ulifunikwa na bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Ilipopoa, olivini na piroksini, madini mazito, yalizama. Plajioklesi, iliyo nyepesi, ikapanda ikatanda juu kama malai juu ya maziwa. Kwangu mimi, hakuna punje ndogo kama hizo zilizowahi kuzaa wazo kubwa kiasi hicho.

Mwaka 1971 David Scott na James Irwin wa Apollo 15 waliokota kipande cha anothosaiti cha gramu 269, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 4. Ganda jeupe sasa lilishikika mkononi.

Basalti ilikuja baadaye, ikapasua ganda hilo na kujaza mabonde yaliyochimbwa na vimondo. Ile ya Apollo 11 ina ilmenaiti nyingi, madini ya chuma na titani. Udongo wa mfinyanzi haumo kabisa, maana hapakuwa na maji ya kuozesha mawe.

Tone la mwisho la bahari ile lilibaki na potasiamu, fosforasi na urani. Wengi waliamini joto la mnunurisho wa masalia hayo ndilo lililoendeleza volkano. Mwaka 2020 chombo cha China, Chang'e 5, kilileta basalti ya miaka bilioni 2 tu, na chimbuko lake halikuwa na masalia hayo kwa wingi. Chanzo cha joto lililoiyeyusha bado kinatafutwa.