Mlango wa Gari Usipotaka Kubaki Juu

Kando ya barabara ya Mafubira, kaskazini mwa Jinja, si ajabu kuiona teksi imesimama, mlango wake wa nyuma umetegemezwa kwa kipande cha mti, huku kondakta akipakia mikungu ya matoke. Mti huo ukiteleza, mlango humshukia mtu kisogoni. Wengi wameuzoea mti kana kwamba gari lilitoka nao kiwandani.

Taabu hiyo hiyo huwapata wenye magari-nyumba, yaani yale yenye kitanda na jiko ndani, ambayo wasafiri huyaendesha hadi Jinja kuutazama mto Naili. Ubavuni mwa gari la namna hiyo mna vijumba vya kuwekea mtungi wa gesi, maji na vyombo, na milango yake mingi hufunguka kwa kwenda juu. Mama ainamaye kutafuta sufuria chini ya mlango uliolegea, na mtoto kando yake ameshika ukingo wa bati, wako hatarini kuliko wanavyodhani.

Kinachoushikilia mlango ni shokapu ndogo ya gesi. Jina ni la shokapu, lakini kazi yake si ile ya shokapu ya gurudumu. Ndani ya silinda ya chuma mna naitrojeni iliyoshindiliwa, pamoja na mafuta kidogo. Fimbo ing'aayo huingia na kutoka upande mmoja, na sili ya mpira huizuia gesi isitoroke. Shokapu yenye fimbo ya unene wa milimita 8, inayosukuma kwa nguvu ya nyutoni 400, ina mgandamizo wa gesi upatao mara arobaini ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuitoboa, kuichomelea wala kuipasha moto kwa matumaini ya kuifufua.

Adui mkubwa wa sili ni vumbi. Vumbi la murram hunata juu ya fimbo, kisha mlango ufungwapo huikwaruza sili kama msasa. Fimbo iliyoshikwa kwa koleo au iliyopata kutu hufanya vivyo hivyo. Dalili ya kwanza ni unyevu wa mafuta penye shingo ya silinda. Dalili ya pili huwachanganya wengi: mlango huanguka alfajiri, lakini adhuhuri husimama vizuri, na mwenye gari akadhani umepona. La, gesi huongeza nguvu ipatapo joto. Ikiwa alfajiri ni nyuzi 17 na bati lililopigwa na jua likafika nyuzi 45, nguvu huzidi kwa karibu sehemu moja katika kumi. Jua likizama, udhaifu hurudi.

Katika kununua mpya ndipo makosa hutokea. Aghalabu mnunuzi huomba iliyo kali zaidi, akidhani nguvu nyingi ndiyo dawa. Mlango mwembamba wa alumini hupinda kwa sababu hiyo, na bawaba zikang'oka. Yafaa ipimwe ile ya zamani ikiwa imefunguka kabisa, toka kitovu cha kichwa kimoja hadi kitovu cha kichwa cha pili, kisha urefu wa fimbo itokayo, na isomwe namba ya nguvu iliyoandikwa ubavuni, kwa mfano 400N. Kama maandishi yamefutika, hesabu si ngumu. Mlango wa kilo 12 una uzito wa nyutoni zipatazo 120. Ikiwa kitovu cha uzito kiko sentimita 40 toka bawaba, na shokapu husukuma kwa umbali wa sentimita 10 toka bawaba hiyo, zidisha 120 kwa 40, ugawe kwa 10: nyutoni 480. Kwa shokapu mbili, kila moja ibebe 240; ongeza kama sehemu ya tano, na ya nyutoni 300 itatosha. Zibadilishwe zote mbili pamoja, kwani iliyochoka ikiwekwa na mpya huuvuta mlango upande.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Hapa ule mti wa teksi una heshima yake: mlango utegemezwe imara, na mtu wa pili aushike, kabla shokapu haijaguswa. Kipini kidogo cha chuma kilichoko kichwani huinuliwa kidogo kwa bisibisi, bila kung'olewa, na kichwa hutoka katika gololi yake. Mpya ifungwe hivi kwamba mlango ukifungwa, fimbo ielekee chini, ili mafuta yailowanishe sili. Wengi huzifunga kinyume, na baada ya muda mfupi hulaumu duka. Fimbo isipakwe grisi wala rangi. Ifutwe kwa kitambaa kikavu, hasa baada ya safari ya vumbi.

Shokapu kuukuu zisichanganywe na takataka zinazochomwa, wala zisipelekwe kwa mhunzi. Hata iliyolegea imebakiza gesi ya kutosha kupasuka ndani ya moto.