Msaada wa Dawa Upo, Ila Uombe

Marekani haina uhaba wa mipango ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu kulipia dawa. Ipo ya serikali kuu, ipo ya majimbo, ipo ya vituo vya afya vya jamii na ya kampuni za dawa zenyewe. Hata hivyo, wapo wanaoishi kwa mafao ya ulemavu wanaofika kwenye dirisha la famasia, wakatajiwa bei, kisha wakaondoka na nusu dozi au mikono mitupu. Naona kasoro kubwa imo katika njia ya kuufikia msaada huo. Pale ambapo serikali humwandikisha mgonjwa yenyewe, dawa humfikia. Pale inapomtaka aombe, ajaze fomu, athibitishe na angoje, wengi huishia njiani, na wanaoishia njiani ni wale ambao maradhi yamewamaliza nguvu za kuhangaika na makaratasi.

Kuna mafao mawili ambayo hata wenyeji huyachanganya. SSDI ni ya mtu aliyefanya kazi na kukatwa michango ya hifadhi ya jamii kwa miaka ya kutosha kabla ya kuugua. SSI, iliyoanza kulipwa Januari 1974, ni ya mtu mwenye ulemavu, asiyeona au mzee ambaye kipato chake ni kidogo na mali yake ya kuhesabika haizidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1989. Mwaka 2025 serikali kuu ililipa kwa SSI dola 967 kwa mwezi, si zaidi, kwa mtu mmoja, wakati wastani wa SSDI ulikaribia dola 1,580. Ungedhani wa SSDI ndiye mwenye nafuu. Likija suala la dawa, mambo hugeuka. Katika majimbo mengi anayepewa SSI huingizwa moja kwa moja kwenye Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, na humo dawa hupatikana bure au kwa dola chache. Wa SSDI hukaa miezi mitano tangu ulemavu uanze ndipo malipo yaanze kuhesabiwa, halafu miezi 24 mingine ndipo Medicare, bima ya serikali kuu ya wazee na wenye ulemavu, imfikie. Jumla ni miezi 29, na ndiyo miezi ambayo mshahara umekatika na ugonjwa bado mbichi.

Bunge la Marekani liliweka ngoja hiyo mwaka 1972, lilipofungulia Medicare watu wenye ulemavu walio chini ya miaka 65. Lilitaka kubana gharama, kuepuka kubeba mzigo wa bima za waajiri, na kuhakikisha kwamba ulemavu wenyewe ni wa kudumu. Sababu ya mwisho hainishawishi hata kidogo, kwa kuwa hakuna anayepewa SSDI bila ushahidi wa kitabibu kwamba ugonjwa wake utadumu angalau miezi 12 au utamuua. Wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli hadi kupumua, waliondolewa ngoja ya Medicare mwaka 2001, na wenye figo zilizokufa wana utaratibu wao. Wengine wote hujitafutia. Katika majimbo 40 yaliyoipanua Medicaid chini ya sheria ya afya ya 2010, mtu mmoja aliyepata hadi kama dola 1,800 kwa mwezi mwaka 2025 aliweza kuingia, kwa hiyo hata mwenye SSDI ya wastani alikuwa na nafasi. Texas na Florida hazimo. Huko hubaki soko la bima za binafsi zenye ruzuku, au vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, ambavyo sheria ya 1992 huviwezesha kununua dawa kwa bei pungufu. Ipo pia haki ya aliyepatikana na ulemavu kuendelea na bima ya mwajiri wake wa zamani kwa miezi hiyohiyo 29, ila ailipie mwenyewe, na katika miezi 11 ya mwisho aweza kutozwa mara moja na nusu ya gharama yake. Aliyeitunga kanuni hiyo alijua kuhesabu miezi kuliko kuhesabu mfuko wa mgonjwa.

Medicare ikishafika, dawa hulipiwa na sehemu yake iitwayo Part D, iliyoanza 2006. Sheria ya 2022 imeipunguzia makali: insulini haizidi dola 35 kwa mwezi, na tangu 2025 mgonjwa ana kikomo cha mwaka cha kutoa mfukoni, dola 2,000 mwaka huo na 2,100 mwaka 2026. Kwa anayeishi kwa dola 1,500 kwa mwezi, kikomo hicho bado ni mlima. Ngazi ya kuupandia ni mpango wa Extra Help, ambao mwaka 2025 ulimpokea mtu mmoja mwenye kipato cha chini ya dola 23,475 kwa mwaka na mali isiyofika dola 17,600, bila kuhesabu nyumba anayoishi wala gari. Aliyemo humo alilipa si zaidi ya dola 4.90 kwa dawa iliyouzwa kwa jina lake la asili na dola 12.15 kwa yenye jina la kibiashara. Hata faini ya kuchelewa kujiunga na Part D humwondokea.

Hapa ndipo tofauti ninayoisema inaonekana wazi. Mwenye Medicare aliye pia na SSI au Medicaid, au ambaye jimbo humlipia ada yake ya Medicare, huingizwa Extra Help bila kuomba. Mwenzake anayemzidi dola chache lazima apeleke maombi kwa idara ya Hifadhi ya Jamii, idara ileile inayomlipa SSDI na inayojua mafao yake hadi senti. Mtu atajibu kwamba idara haijui akiba yake iliyo benki, na hilo ni kweli. Basi dawa ni kufuta sharti la mali. New York na Connecticut zimelifuta katika mpango wao wa kuwalipia watu ada ya Medicare, na kwa kuwa anayeingia mpango huo hupata Extra Help papo hapo, mwenye akiba kidogo hupita bila kuulizwa. Anayeishi katika jimbo la namna hiyo na aanzie kwenye ofisi ya jimbo.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: mgonjwa asipochangia, atachukua dawa ovyo na hazina italia. Jimbo la New Hampshire lilijaribu kubana uchukuaji wa dawa mwaka 1981, Medicaid yake ilipoweka kikomo cha dawa tatu kwa mwezi. Stephen Soumerai wa Harvard na wenzake walifuatilia matokeo. Katika utafiti wao wa 1991, hatari ya wazee wenye magonjwa sugu kuhamia nyumba za kutunzia wagonjwa ilikaribia kuongezeka maradufu. Ule wa 1994 ulihusu wagonjwa wa skizofrenia: gharama za huduma za akili zilizoongezeka zilikuwa mara 17 ya fedha iliyookolewa kwenye dawa. Kikomo kilidumu miezi 11 tu. Siwezi kudai kwamba kila ruzuku hujilipa, wala kwamba fedha haina mwisho, lakini mwenye kubana matumizi kwa haki angeanzia kwenye bei ya kampuni. Medicare yenyewe imeanza, kwa bei za dawa 10 zilizojadiliwa na kuanza kutumika Januari 2026.

Kampuni hizo nazo hutoa dawa za bure kwa wenye kipato kidogo, kwa fomu inayosainiwa na daktari. Kuponi zao za punguzo, hata hivyo, haziruhusiwi kwa mwenye Medicare wala Medicaid, maana sheria huziona kama hongo ya kumvuta mgonjwa kwenye dawa ghali. Naikubali sheria hiyo. Afadhali mipango ya majimbo ya kusaidia kulipia dawa, kama PAAD ya New Jersey, inayowapokea pia wenye SSDI waliotimiza miaka 18 na kuwatoza dola 5 au 7 kwa dawa.

Wazungumzaji wa Kiswahili waliofika Marekani kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wana saa yao ya ziada. Mkimbizi hupata SSI kwa miaka saba tu asipokuwa raia, na SSI ikikatika, njia ya moja kwa moja ya Medicaid hukatika nayo. Uraia unaweza kuombwa baada ya miaka mitano, na mwenye ulemavu unaomzuia kujifunza aweza kusamehewa mtihani wa Kiingereza na wa uraia kwa fomu N-648, ambayo lazima ijazwe na daktari au mwanasaikolojia wa tiba. Ofisi za Hifadhi ya Jamii hutoa mkalimani bila malipo, akiombwa. Kati ya mwaka wa tano na wa saba kuna miezi 24, na foleni ya uraia nayo hula miezi yake.