Damu Katika Choo Si Neno la Kuficha

Katika gazeti hili tumezoea kusemezana juu ya mbegu, mbolea na bei ya mahindi. Leo tunaomba tuzungumze juu ya tumbo, maana shamba bila mtu mwenye nguvu ni pori tu.

Tunapotembelea vikundi huku Kamina, kuna wanaotuvuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini: "Nikienda choo naona damu. Itakuwa nini?" Mwenye kuuliza amekwisha kunywa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, kisha mizizi, na miezi imepita. Aibu ndiyo inamzuia kwenda kwa muganga.

Mara nyingi damu hiyo inatoka kwa ugonjwa mwingine: amiba, bilarzia, au emoroide. Lakini inaweza pia kuwa kansa ya utumbo mpana. Mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani walipatikana na kansa hii, na karibu 900,000 walikufa nayo. Kwa macho tu hatuwezi kutofautisha. Lazima kupimwa.

Inaanza vipi?

Mara nyingi inaanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, bila maumivu. Kinaweza kukaa miaka 10 hivi kabla ya kugeuka kansa. Ni kama majani mabaya shambani: ukiyang'oa yangali machanga, kazi ni ndogo. Hata kansa yenyewe, ikionekana mapema, waganga wanaweza kuikata na mtu akapona.

Chakula chetu ni kinga

Muganga Denis Burkitt alifanya kazi ya upasuaji Uganda karibu miaka 20, mpaka 1966. Aliona kwamba kansa hii, ambayo ilisumbua watu wengi Ulaya, ilikuwa haba kwa watu wa vijijini. Aliuliza hopitali nyingi za Afrika, nazo zikamwambia vilevile. Mwaka 1971 aliandika kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kinasaidia, kwa sababu kinafanya choo kipite upesi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kweli kwamba nyuzinyuzi, zaidi za nafaka isiyokobolewa, zinapunguza hatari.

Basi sombe, lengalenga, matembele na maharagi si chakula cha masikini. Tusiuze yote sokoni halafu tukarudi nyumbani na unga mweupe na soseji. Bukari ya unga usiokobolewa ina faida zaidi. Mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za kiwandani, kama soseji, zinaleta kansa hii: gramu 50 kila siku zinaongeza hatari karibu 18 kwa mia. Pombe, lutuku ikiwemo, na tumbaku pia zinaongeza hatari.

Lakini hata anayekula vizuri anaweza kuugua, zaidi akipita miaka 50, au kama mzazi ama ndugu yake aliugua kansa hii.

Usingoje ukiona haya:

- damu katika choo, nyekundu au nyeusi;
- kufunga choo au kuhara kunakodumu wiki nyingi;
- kukonda bila sababu;
- uchovu na kuishiwa damu;
- maumivu ya tumbo yasiyoisha.

Anzia kwenye santre ya afya ya karibu. Mwambie muganga wazi, bila kuzunguka. Kama dawa imeisha na damu ingali inatoka, rudi, uombe kutumwa hopitali kubwa. Kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo hakipatikani kila mahali, na safari ina gharama.

Hapo ndipo ushirika una kazi. Tunao likelemba kwa mbegu na kwa matanga. Katika mkutano ujao, tuulizane: tunaweza kuweka kidogo kwa usafiri wa mgonjwa? Ni heri kuchanga pesa ya safari mwenzetu angali anatembea, kuliko kuchanga ya sanduku.