Kengele na Moyo: Kuhakiki Badiliko la Mhusika wa Kidini

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, suala la dini katika fasihi huwaponza wengi. Mhusika akionekana kanisani, mtahiniwa huandika papo hapo kwamba ni mcha Mungu. Akivunja amri moja, huitwa mnafiki. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Makala haya yanakusudia kukuonyesha namna ya kupambanua mwenendo wa nje wa dini na badiliko la ndani, kwa mfano ulio karibu nasi huku Kisauni.

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, utafika Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mnamo 1875, miaka miwili baada ya mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Watu walionyang'anywa kutoka majahazini na manowari za Waingereza waliletwa hapo. Husimuliwa kwamba kengele ilikuwa na kazi mbili: kuwaita watu ibadani na kuwatahadharisha wakati wateka watumwa wanapokaribia.

Itafakari hali ya mkazi wa kijiji hicho. Alitekwa bara, akauzwa pwani, akaokolewa baharini, kisha akapewa makao, mafunzo ya dini na, alipobatizwa, jina jipya. Kengele ikilia, anakwenda kanisani. Je, anakwenda kwa imani, kwa shukrani, au kwa kuwa hana pengine pa kwenda? Kuhudhuria kwake peke yake hakutujibu.

Sasa wageukie wenye mamlaka. Mwaka 1881 ulifanyika uchunguzi kuhusu viboko na vifungo walivyopata wakazi chini ya msimamizi wa kijiji, J. R. Streeter, ambaye hatimaye aliondoka. Watu waliokombolewa utumwani walichapwa mahali palepale walipofundishwa upendo. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo, tusidai kwamba mwenendo wa nje ni makapi. Ibada na shule za Frere Town ziliwapa watu wa lugha nyingi jamii moja. James Mbotela, mzaliwa wa hapo, aliandika Uhuru wa Watumwa (1934), simulizi inayowasifu mno Waingereza. Mhakiki aheshimu shukrani hiyo, lakini aulize pia ni yapi ambayo shukrani huyafunika.

Lugha yenyewe hutusaidia. Chunguza vitenzi vitatu. "Kubatizwa" kumo katika kauli ya kutendwa: mwingine ndiye anayekutendea. "Kutubu" ni tendo lako mwenyewe, na asili yake ya Kiarabu ina maana ya kurejea. "Kuokoka" kumo katika kauli ya kutendeka, nayo hutaja hali bila kumtaja mtenda. Tena, Likoni au Changamwe ukiulizwa "Unasali wapi?" utataja kanisa. Swali hilo linahusu jengo na ushirika, halijagusa moyo.

Tofauti hii ndiyo iliyozua Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kenya 1937. Wahubiri wake waliwalenga hasa watu waliokwisha kubatizwa. Walioguswa waliungama hadharani, na wengine wakarudisha mali waliyoiba. Lakini hata tamko "nimeokoka" laweza kugeuka vazi tu, likavaliwa Jumapili na kuvuliwa Jumatatu.

Basi utamhakikije mhusika? Tumia vipimo vitatu.

Kwanza, faragha: hutenda nini pasipo shahidi? Pili, gharama: yuko tayari kupoteza nini ili atende haki? Aliyerudisha mali ya wizi amelipa. Aliyeimba tu hajalipa. Tatu, wanyonge: humtendeaje asiyeweza kumlipa wala kumshtaki? Kipimo hiki cha tatu ndicho kinachomfichua mwenye kiboko.

Kwa mfano, katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Zakaria anamlinda bintiye kwa ukali na kipigo. Rosa anaonekana mwema, lakini akishatoka chini ya mkono wa baba, ulinzi ule unakosa mizizi. Mtahiniwa asiishie kuandika "Rosa ameharibika." Aeleze kwamba wema uliotokana na hofu haukuwa umepata nafasi ya kuwa wake. Aidha, aoneshe kwamba Zakaria, mlevi anayedai nidhamu kwa wengine, hakujidai yeye mwenyewe.

Katika kujibu swali la mtihani, taja kwanza tendo la nje, ukitolea ushahidi. Kisha lipime kwa kimoja cha vipimo hivi, ukitaja tukio mahususi. Mwisho toa hukumu yenye kadiri. Mhusika aweza kuwa njiani, hajafika wala hajarudi nyuma. Usimhukumu mhusika kwa dhehebu lake, wala usiigeuze insha kuwa mahubiri.

Mwalimu, wape wanafunzi zoezi hili: kila mmoja amchague mhusika anayesali katika kitabu anachosoma, aandike matendo yake kabla na baada ya sala, kisha darasa lijadili kama kuna lililobadilika.